Ua Halitoshi: Kupiga Picha Bustani za Unguja Mwishoni mwa Kiangazi

Unguja iko nyuzi sita na kitu kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua huipita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, kiangazi kikielekea mwisho na masika yakiwa njiani. Niliuchagua msimu huu wa pili kuzunguka na kamera katika bustani za kisiwa hiki, kuanzia Vuga na Mbweni mpaka mashamba ya viungo ya Kidichi na Kizimbani. Wapigapicha wengi wangeshauri kusubiri. Majani yamechoka, udongo umepauka, upepo wa kaskazi hauachi tawi likatulia, na mwanga wa mchana ni mkali hata rangi zinakufa. Hata hivyo msimu huu una faida ambayo miezi ya kijani haina. Unamnyima mpigapicha vile vinavyopendeza bila jasho, umande juu ya ua na ukungu wa asubuhi baina ya miti, na kumwacha na bustani kama ilivyo. Hapo ndipo swali linapomkabili: picha ya bustani ni picha ya nini? Jibu langu, nililolipata kwa kupatazama mahali hapa pamoja na historia yake, ni kwamba ua peke yake, ua lililosogelewa mpaka kila kilicholizunguka kikafutika, halitoshi kuwa picha ya bustani ya Unguja. Bustani hii haionekani mpaka udongo, kivuli, ukuta na mkono wa mfanyakazi viingie katika picha, na jina la mmea na tarehe viandikwe pamoja nayo.

Nianze na mwanga, maana ndio unaolalamikiwa zaidi. Kila anayefundishwa kupiga picha huambiwa kwamba mwanga mzuri ni wa asubuhi na mapema na wa jioni, jua linapokuwa chini na kurusha vivuli virefu, na kwamba mchana kamera ikae mkobani. Kanuni hiyo ilitungwa zaidi katika nchi ambako hata mchana wa kiangazi jua hubaki limeinama. Hapa mwanzoni mwa Machi, kama saa sita na nusu mchana, mti hauna kivuli cha pembeni. Kivuli chake chote kiko chini yake, duara moja zito kulizunguka shina. Kwa anayetafuta ua, hilo ni balaa. Kwa anayetafuta bustani ni ushahidi, kwa sababu duara lile ndilo sababu ya miti mingi ya mjini kupandwa. Ule mti mkubwa wa ufukweni wanaouita Mtini, karibu na Dispensari ya Zamani, unaotajwa kuwa ulipandwa na Sultani Khalifa mwaka 1911, umekuwa kwa miaka mingi mahali pa mafundi wa vyombo na manahodha. Ukipigwa picha magharibi, utaonyesha majani yenye rangi ya dhahabu. Ukipigwa mchana, utaonyesha nani anakaa wapi na kwa nini, na hilo ndilo la kujulikana kuhusu mti wa mjini katika nchi ya joto. Mikungu nayo, ambayo majani yake hugeuka mekundu na kupukutika wakati wa ukame, haihitaji kusubiri jioni ipambwe. Jua la utosi linaonyesha wazi kwamba kisiwa hiki kina misimu yake, na kwamba si kweli kuwa Unguja ni kijani mwaka mzima, kama kadi za watalii zinavyodai.

Bustani ya Victoria iko Vuga, kando ya Barabara ya Kaunda, mahali ambapo vichochoro vya Mji Mkongwe vinafunguka na majumba ya serikali yanaanza. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliitengeneza kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Sultani Hamoud, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, akaitoa kwa watu wa mji kwa kumbukumbu ya jubilii ya Malkia Victoria wa Uingereza. Kisha jumba lililomo ndani, lililojengwa palipokuwa na mabafu ya wanawake hao, likawa ukumbi wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1926 mpaka 1964. Kipande kimoja cha ardhi, basi, kimekuwa faragha ya wake wa sultani, zawadi kwa raia kwa jina la malkia wa ng'ambo, na uwanja wa wanasiasa waliokuwa wakibishana juu ya mustakabali wa visiwa. Mpigapicha anayeingia hapo na kuinama juu ya shada la bougainvillea anatoka na kitu ambacho hakina hata moja ya hayo. Anayesimama langoni, akaiweka njia, ukuta, mti mkongwe na jumba katika fremu moja, anatoka na swali ambalo bustani hii imekuwa ikilijibu upya kila zama: nani anaruhusiwa kuingia? Sisemi kwamba picha yake itakuwa nzuri zaidi kwa macho. Nasema itakuwa ya hapo, na haiwezi kuwa ya pengine popote.

Miti kadhaa ya bustani hiyo inahusishwa na John Kirk, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1832, na mtu huyu anastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndani yake tunapata mpigapicha na mtaalamu wa mimea kwa pamoja. Alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea wa msafara wa Livingstone katika mto Zambezi kuanzia 1858, na huko alipiga picha wakati kazi hiyo ilihitaji dawa, vioo na hema la giza. Alifika Unguja mwaka 1866, akawa balozi wa Uingereza, na mwaka 1873 alikuwa upande wa pili wa mkataba uliomlazimisha Barghash kulifunga soko la watumwa. Wakati wote huo alikuwa akikusanya mimea na kuipeleka Kew, bustani kuu ya mimea ya London, na kuotesha mingine katika shamba lake la Mbweni, kusini mwa mji. Sasa angalia namna mtaalamu wa mimea anavyofanya kazi. Anakata tawi, analikausha, analibandika kwenye karatasi; lakini tawi hilo halina thamani yoyote kwa sayansi bila kipande cha maandishi pembeni: limekatwa wapi, lini, na nani, katika udongo gani, na wenyeji wanaliitaje. Ondoa maandishi hayo, na kilichobaki ni jani kavu. Kwa hiyo wanaosema kwamba ua lililosogelewa ndiyo picha ya kisayansi, na picha pana ni ya watalii, wanaikumbuka nusu moja ya sayansi na kuisahau nyingine. Sayansi yenyewe haijawahi kuliamini ua lisilo na mahali.

Mbweni inaonyesha jambo hili kwa uchungu zaidi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1870, makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, pamoja na skuli ya wasichana ambayo magofu yake bado yamesimama katikati ya bustani ya leo. Mitende ya mapambo, miti yenye maua makubwa na mimea ya kutambaa imezunguka kuta za matumbawe zisizo na paa. Ni mahali pazuri sana kwa picha, na uzuri wenyewe ndio hatari. Fremu ikibana ua na kuuacha ukuta, wasichana wale wametoweka. Ikibana ukuta na kuufanya uwe pazia la nyuma lililofifia, wamekuwa pambo. Nilichoona kinafaa ni kurudi nyuma mpaka dirisha la skuli na mmea uliolikumbatia vikawa na uzito sawa, vyote vikionekana wazi, hata kama lenzi ingeweza kufifisha kimojawapo. Kuna watakaosema kwamba hiyo ni picha iliyojaa mno. Ni kweli imejaa, kwa sababu mahali penyewe pamejaa.

Ushahidi ulionithibitishia hoja hii kuliko mwingine wote uko katika kitabu. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu cha R. O. Williams kuhusu mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, na mpaka leo ni miongoni mwa vitabu vinavyotegemewa na wanaotaka kuijua mimea ya visiwa hivi. Mwandishi huyo huyo alikuwa ameandika kitabu cha namna hiyo hiyo kuhusu Trinidad, kisiwa cha Karibi kilicho upande wa pili wa bahari mbili. Wala hakuna ajabu. Mimea mingi ya bustani zetu ni ile ile ya bustani za tropiki zote zilizopitiwa na meli za himaya. Mkrismasi, unaowaka mwekundu mwisho wa mwaka, asili yake ni Madagaska. Bougainvillea imetoka Amerika Kusini, mlangilangi Asia ya Kusini-Mashariki, vanila Meksiko, mkarafuu visiwa vya Maluku. Weka mbele yangu picha ya ua la mlangilangi lililosogelewa sawasawa, na hakuna mtaalamu duniani atakayeniambia kama limepigwa Bububu, Komoro au Java. Sasa kama picha yangu haiwezi kutenganisha Bububu na Java, kwa haki gani naiita picha ya Unguja? Aliyesafiri mpaka hapa ili apate kitu ambacho angekipata katika nyumba ya kioo ya bustani ya Ulaya amebeba kamera bure.

Katika hatua hii mtu anaweza kunigeuzia hoja. Kama karibu kila kinachochanua Unguja kimetoka nje, basi hakuna bustani ya Unguja ya kupigwa picha. Kuna mkusanyiko wa wageni tu. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake liko Kizimbani, upande wa shamba, kwenye udongo mwekundu ambao wakulima huuita kinongo na ambao mikarafuu huupenda kuliko ule wa mawe wa mashariki ya kisiwa. Mkarafuu ulifika mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa, na jina linalotajwa katika kuuleta na kuupanda Kizimbani ni la Saleh bin Haramil. Shamba hilo baadaye lilitwaliwa na Sultani Seyyid Said, naye akausukuma upandaji wa karafuu kisiwani kote mpaka Unguja na Pemba zikawa mzalishaji mkuu duniani. Waliofyeka, kupanda na kuchuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana karafuu tangu hapo ni habari ya Pemba zaidi. Mwaka 1897, chini ya Hamoud yule yule aliyewapa watu wa mji bustani, utumwa ulifutwa kisheria. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Huu mti ni mgeni kwa mbegu. Kwa yaliyotendeka chini yake ni mwenyeji, na yaliyotendeka yamebaki katika mpangilio wa mashamba, katika mipaka ya zile eka tatu, katika njia za miguu zinazokatisha baina ya miti. Hayo yote yanapigika picha, kwa sharti la kurudi nyuma hatua kadhaa.

Tena mkarafuu una jambo ambalo mpenda maua hulishtukia akishaelezwa. Karafuu inayouzwa ni tumba, ua ambalo bado halijafunguka. Huchumwa likiwa limevimba na kuanza kupiga wekundu, huchambuliwa kutoka kwenye makonyo yake, kisha huanikwa juani kwenye majamvi mpaka likawa kahawia ya kuiva. Likishachanua, thamani yake imekwenda. Maana yake ni kwamba yule anayeuzunguka mti akitafuta ua lililofunguka vizuri, lenye nyuzi zake nyeupe zikimeta, anapiga picha ya karafuu iliyopotea. Picha yake ni nzuri, na mkulima akiionyeshwa ataona mavuno yaliyochelewa. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa namna uzuri uliotengwa na kazi unavyoweza kupotosha. Haukudanganya juu ya umbo la ua wala rangi yake. Umedanganya juu ya kile ambacho mti huu umefanya hapa kwa miaka mia mbili. Anayetaka ukweli wa mkarafuu atafute jamvi, kidole kinachochambua, na tumba lililofungwa.

Vanila inafundisha jambo hilo hilo kutoka upande mwingine. Ua lake hufunguka asubuhi moja na kunyauka siku hiyo hiyo, na nje ya nchi zake za asili ni nadra kuzaa bila msaada wa mtu. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba, na njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo katika mashamba ya Bahari ya Hindi, Unguja ikiwemo. Kila ganda la vanila utakaloonyeshwa Kizimbani limepitia mikononi mwa mtu likiwa bado ni ua. Kuviondoa katika picha vidole vinavyolifungua, kwa sababu vinaharibu usafi wa mandhari, ni kuliondoa tukio lenyewe. Hapa mkono haukuja kuongeza ladha ya kibinadamu katika picha ya mmea. Mkono ni sehemu ya mmea, kama mdudu alivyo sehemu ya mmea kule Meksiko.

Kuna wanaopinga kwa jina la uzuri, na hoja yao siidharau. Wanasema mtu ana haki ya kulipenda ua bila kuulizwa nasaba yake, na kwamba kuibebesha kila picha mzigo wa historia ni kuiua furaha. Unguja ina ushahidi wa upande wao, tena wa zamani. Ukitoka Kizimbani kuelekea Kidichi utafika kwenye mabafu ya Kiajemi, yaliyojengwa na Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe, Binti Irich Mirza, aliyekuwa wa ukoo wa wafalme wa Uajemi. Ndani, kuta zimechongwa kwa chokaa ndege na maua ya mtindo wa Kiajemi, kazi isiyofanana na ukavu wa majengo ya Kiomani ya mjini. Hayo ni maua yasiyo na udongo wala mkulima, bustani ya kukumbuka nyumbani iliyowekwa katikati ya mashamba ya karafuu. Je, fundi wa chokaa hakufanya kile ninachomkataza mpigapicha? Nimelifikiria hili sana, na naona tofauti ni kubwa. Ua la Kidichi halikutolewa mahali pake. Limefungwa katika ukuta ule, juu ya birika lile, na kila anayelitazama analitazama akiwa amesimama katika chumba ambacho mke mgeni aliogea. Huwezi kuliona bila kuuliza lilifikaje hapo. Fundi alilifuta shina, akaiacha nyumba nzima kuwa maelezo yake. Mwenye kamera anayelisogelea ua mpaka likawa peke yake hana nyumba ya kuliwekea. Basi alipende, alipige, alifurahie, hakuna wa kumzuia. Asiseme tu kwamba ametuonyesha bustani.

Pingamizi zito kuliko yote, kwangu, linahusu watu. Nikisema mkono uingie katika picha, nawafungulia mlango wale wanaomwelekezea lenzi kila mwanamke aliyebeba kikapu, na Unguja ni nchi ya stara na heshima, ambako uso wa mtu haubebwi kama embe la njiani. Zaidi ya hapo, ziara za viungo zimezalisha maonyesho yake: kijana anapanda mnazi kwa kamba miguuni akiimba, wageni wanavishwa kofia za makuti, na kila mtu anapata picha yake. Hiyo ni ajira halali na siilaumu; watu wanaishi kwayo. Ila picha ya onyesho ni picha ya onyesho, si ya shamba. Ninachokidai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kazi yenyewe, kwa kasi yake yenyewe, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mji huu unajua vizuri maana ya ruhusa katika picha. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Mji Mkongwe na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliwapiga picha watu waliokwenda kwa miguu yao, wamevaa walivyotaka kuonekana, nao ndio walioamua. Adabu hiyo inawezekana shambani pia. Mtu anabisha hodi, anasalimu, anaeleza, anasikia jibu, na jibu likiwa hapana anashukuru na kuendelea. Na mara nyingi uso hauhitajiki kabisa. Mkono unaochambua, jembe lililoegemezwa, maji yaliyomwagwa kwenye miche mwishoni mwa kiangazi, hivyo vinatosha kusema kwamba bustani ina mwenye kuitunza.

Lipo na lile la aibu. Wapo watakaoniambia kwamba kurudi nyuma na kuonyesha kila kitu ni kuonyesha pia benchi lililovunjika, nyasi zilizokauka, ukuta ulioanguka lipu, na kwamba mgeni akiona hivyo atatudharau. Naielewa hisia hii, ila naona inatugharimu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, iliporomoka. Siku hiyo kila picha ya zamani ya jumba lile, nzuri na mbaya, ya mtalii na ya mkaazi, iligeuka kuwa ushahidi wa namna lilivyosimama, na zile zilizoonyesha nyufa hazikuwa na thamani ndogo kuliko zile zilizoonyesha jua likizama nyuma ya mnara wa saa. Miti nayo huanguka, tena bila gazeti kuandika. Mti wa zama za Barghash ukikatika tawi kubwa leo, nani ataweza kusema mwaka gani ulianza kuoza? Ataweza yule aliyeupiga picha mzima, kuanzia mizizi mpaka kilele, na kuandika tarehe. Kiangazi kinasaidia hapa pia: majani yakipungua, mifupa ya mti inaonekana, na ugonjwa uliofichwa na kijani unajitokeza. Aliyeificha hali ya bustani ili isidharauliwe ameinyima njia ya kutetewa.

Linabaki suala la majina, na hapa najua naingia katika deni la haki. Kima punju, yule kima mwekundu wa msitu wa Jozani asiyepatikana porini nje ya visiwa hivi, katika vitabu vya sayansi amebeba jina la Kirk. Mtoria mmoja wa mpira, mmea uliokuwa na biashara kubwa pwani, nao umebeba jina lake. Hakuiba, alikusanya, akaandika, akapeleka, na hivyo ndivyo majina yalivyotolewa. Lakini hakuna mtu wa nje aliyeujua msitu wa Unguja bila kuonyeshwa na wakaazi, na walioonyesha hawamo katika jina hata moja. Picha haiwezi kurekebisha karne mbili. Inaweza kuacha kuendeleza desturi hiyo. Mtunza bustani aliyekwambia mti unaitwaje, unachanua lini na dawa yake ni ipi, ndiye mwandishi mwenza wa picha yako, na akiridhia, jina lake lina haki ya kuandikwa chini yake kama lako. Asiporidhia, andika walau jina la mmea kama alivyolitamka yeye, kabla ya kulitafuta lile la Kilatini.

Basi kwa yeyote atakayekwenda Vuga, Mbweni au Kizimbani na simu au kamera, msimu wowote ule, namwomba mambo machache ambayo hayana gharama. Kwa kila ua unalolisogelea, rudi nyuma upige picha ya pili inayoonyesha limesimama wapi na limezungukwa na nini. Uliza jina lake la Kiswahili na uliandike papo hapo, pamoja na mahali na tarehe. Usipige uso bila ruhusa. Na ukirudi nyumbani, wapelekee nakala waliokuonyesha bustani, kisha peleka nyingine Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ili mwanafunzi wa kilimo wa Kizimbani wa miaka hamsini ijayo akitaka kujua mti fulani ulikuwa na hali gani kabla ya masika ya mwaka huu, apate pa kuangalia.